Siku Tisini za Mkono wa Sumanbar

Aprili 3

Daftari hili ni la hali ya hewa, si la habari za watu. Tangu nistaafu kufundisha jiografia, huu mwaka wa saba, naandika humu siku aprikoti zilipotoa maua, siku baridi ilipozichoma na siku tulipoanza kuchuma. Haya basi: nyuzi nne alfajiri, mbingu safi, bonde la Zarafshon lote jeupe kwa maua.

Ya hali ya hewa yamekwisha. Nina mjukuu! Kazaliwa jana saa nane mchana katika hospitali ya wilaya, msichana, kilo nne na gramu mia sita. Mzee wangu Qurbonali alipotajiwa uzito akauliza, "Huyo mtoto au ndama?" Nikamkanyaga mguu, wauguzi walikuwa wanasikia. Mwanangu Farhod yuko Urusi kwenye kazi za ujenzi. Alilia kwenye simu mpaka mtandao ukakatika. Jina kalitoa yeye: Sumanbar.

Sasa niandike lile ambalo kalamu inalikwepa. Kichwa kilitoka, bega likakwama ndani. Wakunga walikuwa na dakika chache za kumtoa akiwa hai, na walimtoa, Mungu awalipe. Lakini mkono wa kulia umelala. Mfupa haukuvunjika, mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kuteremka mkononi ndiyo iliyovutika. Vidole vinacheza, ila bega na kiwiko havina habari. Mkono umenyooka tu ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma.

Daktari wa watoto aliniambia, "Bibi, tumpe miezi mitatu. Akikunja kiwiko mwenyewe, ujue mishipa inajiponya. Asipokunja, itabidi apasuliwe, na upasuaji huo uko mbali sana na hapa."

Miezi mitatu inaangukia Julai 2. Nimeizungushia wino mwekundu.

Aprili 6

Wamerudi nyumbani. Mkaza mwanangu Shirinmoh kalala kauelekea ukuta. Mtoto akilia ananitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyezaa. Nimempikia uji wa mzazi, unga uliokaangwa kwa mafuta ya kondoo, kala vijiko vitatu. Mimi nilizaa sita, na siku ya nne nilikuwa tayari nakanda mkate. Huyu bibie ana miaka ishirini na miwili na hata kumpakata mwanawe hataki. Nimenyamaza. Kwangu mimi kunyamaza ni kazi nzito kuliko kukanda mkate.

Mkono: bado.

Aprili 8

Nyuzi mbili chini ya sifuri. Mzee kachoma majani shambani ili moshi uokoe maua. Mkono: bado.

Aprili 10

Muuguzi wa watoto kaja. Nilipomwona mlangoni nilitaka kucheka: Mavluda! Nilimfundisha darasa la saba. Katika mtihani wa ramani aliiweka Bahari ya Aral huko Afrika, nikampa alama mbili kwa tano, akalia siku nzima. Sasa amesomea watoto wanaoumia wakati wa kuzaliwa.

Alivua viatu, akanawa, akaiweka mikono karibu na birika mpaka ikapata moto. Akapiga magoti kando ya mtoto. "Sumanbar, ni mimi, Mavluda. Nataka kukushika mguu." Kisha akangoja, kama mtu aliyebisha hodi.

"Unamwomba ruhusa mtoto wa siku nane?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Tangu azaliwe, karibu kila mkono uliomgusa umemuumiza. Amevutwa, amechomwa sindano, amegeuzwageuzwa. Hajui maneno, ila sauti anaijua, na haraka anaijua. Ajifunze kwamba kuna mikono inayokuja pole pole."

Akatupa masharti. Mkono ulale juu ya tumbo siku tano zaidi, upumzike. Usivutwe. Asinyanyuliwe kwa kushikwa makwapa. Akivishwa nguo, mkono mgonjwa uingie wa kwanza. Akivuliwa, utoke wa mwisho. Akigeuza uso au akitanua vidole, tumwache kwanza. Na asifungwe kwenye gahvora, susu yetu ya mti.

"Nimesikia," nikasema. Nilisikia kama walivyokuwa wakinisikia wale wa dawati la nyuma.

Baadaye alikaa sakafuni karibu na Shirinmoh kwa muda wa bakuli mbili za chai. Hakumuuliza habari za mtoto hata kidogo. Alimuuliza kama anapata usingizi, na kama kuna kitu kinachomtisha. Nikaona anapoteza muda.

Aprili 14

Leo tumemlaza Sumanbar kwenye gahvora, na aliyemfunga ni mimi. Nani mwingine? Katika kijiji hiki nimefunga watoto arobaini na watatu katika hiyo susu ya mti, na hakuna aliyekua na mguu wa upinde wala bega la kombo. Gahvora yetu aliichonga babu yake Qurbonali. Godoro lina tundu lake, chini kuna kopo, kibomba cha mti kinapeleka mkojo, na mikanda miwili mipana ndiyo inayomshika mtoto.

Wanawake walijaa chumba. Nikamlaza kichwa upande wa miguu, kama desturi, nikauliza, "Hivi?" Wakapiga kelele, "Sivyo!" Nikamgeuza. "Hivi?" "Ndivyoo!" Peremende zikarushwa, jirani yetu Oyjamol akafukiza majani ya kuondoa kijicho mpaka sote tukakohoa.

Nilipouchukua mkono wa kulia kutoka tumboni, Shirinmoh alisema kutoka pembeni, "Mama, muuguzi alisema..."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele za watu tangu arudi. Nikamkata. "Muuguzi nimemfundisha mimi. Samaki mkunje angali mbichi!"

Wakacheka wote. Nikainyoosha mikono yote miwili ubavuni, nikakaza mkanda. Mtoto akalia sana, kisha akalala saa tatu mfululizo. Wakanisifu. Nilijiona malkia.

Aprili 15

Aibu haifi kwa kunyamaziwa, kwa hiyo nitaiandika yote.

Mavluda alikuja saa nne asubuhi kuanza mazoezi. Akamkuta Sumanbar kafungwa tena. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, naomba nimfungue." Alipougusa mkanda mtoto alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, uso ukawa mwekundu, vidole vya mkono mzima vikatanuka. Mavluda akaondoa mkono, akangoja, akaongea naye, akaanza upya. Kufungua mikanda miwili kulichukua muda wa kuchemsha birika.

"Mkao huu," akaniambia, "kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeuka, ndio mkao uleule wa ugonjwa wake. Tunataka autoke, sisi tunamfungia humo."

Nikawaka. "Mtoto gani wa kwetu asiyelala kwenye gahvora? Nimefunga arobaini na watatu!"

"Mikono yao ilikuwa mizima, Mwalimu."

"Kufungwa hakuumi!"

"Pengine."

"Kama ni mateso, nifunge mimi basi!"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Binti akanitazama, akauokota mkanda. Akanifunga mkono wa kulia ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeuzwa nyuma.

"Mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Jana ulimfunga muda gani?"

"Saa tatu."

"Basi saa tatu, Mwalimu. Lakini ukitaka nikufungue kabla, sema tu."

Niseme? Mimi? Thubutu! Nusu saa ya kwanza nilikuwa nacheka. Nzi akanitua puani, nikamfukuza kwa mkono wa kushoto, nikasema mnaona? Saa ya pili mzee alinilisha mchuzi kwa kijiko, nusu ukaishia kwenye shali yangu, naye akifurahi kama yuko harusini. Kisha bega likaanza kuwaka moto. Nilitaka kugeuza kiganja, kidogo tu, kiasi cha upana wa kidole, nikashindwa. Ni ajabu jinsi akili yote inavyohamia kwenye kitu kidogo ambacho huwezi kukifanya. Saa ya tatu ilipoanza nilimnong'oneza mzee, "Baba Farhod, legeza kidogo."

Yeye ambaye hufanya mzaha hata matangani, hakucheka. "Na yeye alimwomba nani?" akasema.

Sikumwomba tena. Muda ulipotimia na mkanda ukafunguliwa, damu ilirudi mkononi kwa michomo mpaka machozi yakanitoka.

"Na wako hauna jeraha," Mavluda akasema kwa upole. Hakuongeza neno.

Nikamuuliza kile nilichokuwa naogopa kukiuliza. "Nimemharibu?"

"Sidhani. Lakini sitakudanganya, sijui. Isirudiwe tu."

Nilikwenda kwa Sumanbar. Nilipasha mikono kwenye birika kwanza. Nikamwambia kwa sauti, mbele ya mzee, mbele ya Mavluda, mbele ya Shirinmoh: "Nisamehe, bibi mdogo. Nyanya yako alikosea." Katika miaka thelathini na minne ya ualimu sikuwahi kusema neno hilo mbele ya mtu.

Aprili 16

Nimeukata mkanda wa juu kwa mkasi, nikashona mwingine wa kupita kiunoni tu. Mikono huru. Nimebandika ratiba ukutani: mazoezi mara tano kwa siku, wakati wa kubadilisha nepi. Kabla ya kila zoezi: pasha mikono, mwambie, ngoja akutazame. Mkono: bado.

Aprili 23

Mvua. Mazoezi yote matano. Bado.

Aprili 29

Mvua. Mto umepanda. Mkono: bado. Mzee anauliza kila jioni kama ameukunja, nami namjibu kama mtu anayedaiwa. Shirinmoh anafanya mazoezi yake barabara, ila kwa macho makavu, kama anaosha vyombo. Akimaliza ananirudishia mtoto.

Mei 5

Upepo wa mvua umebamiza mlango wa ua. Shirinmoh alikuwa anamimina chai. Aliangusha birika, akajikunyata chini kando ya ukuta, viganja masikioni. Chai ya moto imeloweka zulia. Nilifungua mdomo kumkemea, na Mungu akanifunga ulimi, la sivyo nisingejisamehe. Nilimkumbuka Mavluda na zile bakuli zake mbili za chai. Nikaketi sakafuni, magoti yakilalamika.

"Siku ile ilikuwaje, mwanangu?" nikamuuliza.

Akasema bila kunitazama. Kwamba kichwa kilipotoka chumba kizima kilinyamaza, halafu mlango ukabamizwa na watu wengi wakaingia mbio. Mmoja alimkunja magoti mpaka kifuani, mwingine alimkandamiza tumbo chini ya kitovu. Hakuna aliyemwambia kuna nini. Alidhani wanasaidiana kumtoa maiti.

"Waliniambia nisisukume. Nikasukuma, Mama. Sikuweza kujizuia. Mimi ndiye niliyemvunja. Nikimgusa naona nitamvunja tena."

Mwezi mzima! Mwezi mzima mtoto huyu wa watu amelala nyumbani kwangu na mzigo huo, nami naandika humu kwamba ni mvivu. Nilimshika mabega, nikamwambia alivyoniambia daktari: bega lilikwama kwenye mfupa, hakuna mama duniani anayelikwamisha wala kulikwamua kwa kusukuma. Na nikamwambia la kwangu: "Wewe ulikuwa kwenye kile chumba, ukaumizwa, ukatoka na mtoto aliye hai. Mimi nilikuwa ukumbini nakula mbegu za alizeti."

Akacheka. Kisha akalia, kilio chenyewe hasa, kile cha sauti. Nikamwacha alie mpaka mwisho. Zulia litaoshwa.

Mei 6

Mavluda kamwonyesha jinsi ya kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, shali juu yao wote wawili. Wamekaa hivyo mpaka adhuhuri. Mzee kavuliwa viatu na kuambiwa atembee kwa vidole. Mkono: bado, lakini leo sikuchukia kuandika.

Mei 12

Siku arobaini zimetimia. Oyjamol kaja na bakuli la peremende na mdomo wake.

"Mwalimu, watu wanasema mnamwachia mtoto mikono nje. Atajishtua, atakuwa mwoga. Mkono wenyewe nasikia umeshikwa na jini."

"Jini gani anayeshika mkono mmoja? Wa pili kamwachia nani?"

"Mimi nasema tu yanayosemwa. Wanasema pia nyonga za mkweo ni nyembamba, ingefaa mumtafutie Farhod mwingine mapema..."

"Oyjamol!" Nilitumia ile sauti ya kunyamazisha darasa zima. "Nyonga za mkaza mwanangu zimetoa mtoto wa kilo nne na nusu. Zako zilitoa nini? Rustam wako alizaliwa mdogo mpaka tukamlaza kwenye ungo. Kunywa chai yako."

Akanywa. Shirinmoh alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia anajizuia kucheka. Mkono: bado.

Mei 20

Jua. Maua yaliyookoka baridi yametoa matunda madogo ya kijani. Bado.

Mei 27

Bado. Shirinmoh kaniambia, "Mama, asubuhi unamkamata kwa haraka, ndiyo maana anakaza shingo. Anza na miguu." Amenisahihisha! Nikaanza na miguu. Shingo haikukaza.

Juni 4

Shirinmoh alikuwa anamwogesha kwenye beseni uani, maji vuguvugu, kiganja chini ya kichwa. Mavluda hakumfundisha hilo la kumwacha aelee muda mrefu. Kaligundua mwenyewe, kwamba majini mtoto analegea na kufurahi. Nilikuwa napepeta mchele. Nikasikia ananiita, si kwa kelele, kwa sauti ndogo sana: "Mama. Mama, njoo. Usikimbie, utamshtua."

Sikukimbia. Nilitembea kama naingia msikitini. Majini, mkono wa kulia ulikuwa unakwenda. Si mawimbi, maana tuliyatuliza. Kiwiko kilijikunja kiasi cha pembe ndogo, kikanyooka, kikajikunja tena.

Shirinmoh hakulia. Alisema, "Nimekuona, Sumanbar. Nimekuona." Mimi nililia kwa niaba ya wote, mchele ukamwagika, kuku wakala.

Juni 5

Mavluda kaona. Anasema maji yanabeba uzito wa mkono. Sasa tungoje aukunje nje ya maji, hewani, ambako hakuna cha kumbebea. Hicho ndicho daktari atakachokitazama.

Juni 13

Joto, nyuzi thelathini na nne. Majini: ndiyo. Nje ya maji: bado.

Juni 21

Majini: ndiyo. Nje: bado. Zimebaki siku kumi na moja. Farhod kapiga simu, anauliza aanze kutafuta hospitali huko aliko? Nikamwambia tafuta. Shirinmoh akaichukua simu mkononi mwangu. "Tafuta," akamwambia, "kujua si dhambi. Lakini Mama anaandika 'bado', na bado si hapana." Sikujua kwamba anasoma daftari langu. Wala sikukasirika, jambo ambalo pia silielewi.

Naogopa. Niliandike hilo wazi. Naogopa ile Aprili 14. Kila nikiona "bado" naona mkono wangu mwenyewe unakaza ule mkanda.

Juni 28

Tumeanza kuchuma. Aprikoti ni nusu ya mwaka jana, lakini tamu. Paa lote limejaa nusu zake za rangi ya machungwa zinazokauka juani. Leo Sumanbar kifuani kwa mamaye aliinua ngumi ya kulia kidogo, ikaanguka. Mavluda hakuwepo. Mzee anaapa kaona, mimi nilikuwa nimegeuka. Naandika: huenda.

Julai 2

Daktari wa mishipa alikuja hospitali ya wilaya kutoka mji mkuu, huja mara chache kwa mwaka. Ukumbi ulijaa watoto tangu alfajiri. Tuliingia wanne: Shirinmoh na mtoto, mimi, na Mavluda aliyeomba ruhusa kazini ili awepo.

Daktari ni mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe fupi na macho yaliyochoka. Sio mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, nyuma yetu kulikuwa na watoto thelathini. Alimchukua Sumanbar mikononi mwa mamaye, akamweka kwenye meza ya bati, akamvua, akaanza na mkono mgonjwa, vuta, geuza, bonyeza. Sumanbar alipiga ule ukelele. Ule ule wa Aprili. Uso ukawa mwekundu, shingo ikakaza, mkono ukaning'inia kama soksi iliyolowa.

"Hakunji," daktari akasema, akavuta karatasi. "Miezi mitatu. Namwandikia barua ya upasuaji."

"Daktari, kwa heshima," Mavluda akaanza, "huwa..."

"Dada, naona ninachokiona." Kalamu ilikuwa tayari inakwenda.

Mimi, mwenye mdomo unaojulikana bonde zima, nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Nilikuwa natazama tu ile kalamu.

Shirinmoh akasimama mbele ya meza. Tangu aolewe hajawahi kupaza sauti mbele ya mtu mzima. Hata mzee wangu humjibu kwa kichwa. Akamvisha mtoto shali, akambeba, akangoja mpaka kilio kikapungua. Kisha akasema, "Daktari, hujamwambia."

"Sijamwambia nini?"

"Kwamba utamshika. Kwetu huambiwa. Na mikono yako ni baridi. Bomba lile pale lina maji ya moto, nimejaribu. Nitakungoja."

Ukumbi mzima ulisikia, mlango ulikuwa wazi. Mwanamke mmoja aliguna, "Loo!" Daktari akashusha miwani. Akanigeukia mimi kama mkubwa wa nyumba.

"Bibi, huyu mkweo huwa anasema hivi?"

"Hapana," nikamjibu, "leo ndiyo mara ya kwanza. Nenda kanawe, daktari."

Sijui kama alikasirika. Alinyanyuka, akanawa kwa maji ya moto, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nadhani ili apate kufikiri. Aliporudi, Shirinmoh alikuwa ameketi kwenye kiti, mtoto kampakata, kifua kwa kifua. "Huyu ni daktari," akamwambia. "Anataka kuona mkono wako. Mimi nimekushika." Akamwinamishia daktari kichwa: sasa.

"Salaam, Sumanbar," daktari akasema. Akaonekana kuona haya, mzee wa watu. "Nitakugusa kiganja." Akagusa kiganja. Akangoja.

Dakika moja. Dakika ya pili. Aliitazama saa ukutani, kisha akaacha kuitazama. Shirinmoh akamlaza mtoto chali mapajani mwake, mkono wa kulia juu ya shali, hakuna maji, hakuna anayeushika. Akampulizia kidogo kiwikoni. Sumanbar akamtazama mamaye.

Mkono ukaanza. Kwanza vidole vilijifunga. Kisha kiwiko kikainuka kutoka kwenye shali, kikitetemeka, ngumi ikapanda polepole mpaka kifuani. Ikaanguka. Ikapanda tena, safari hii ikafika kidevuni, ikakaa pale, mtoto akaiangalia ngumi yake kwa mshangao.

"Tena," daktari akasema kwa sauti ya mtu anayeomba.

Mara ya tatu ngumi ilifika mdomoni.

Daktari akaikunja ile barua mara nne, akaitia mfukoni. Alisema bega bado liko nyuma, na huenda mkono usifanane kabisa na mwenzake, ila mishipa inajiponya yenyewe. Hakuna upasuaji sasa, mazoezi yaendelee, amwone tena akitimiza miezi sita. Nilimweleza habari ya Aprili 14, mwenyewe, bila kuulizwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulifungua, bibi. Wengi hawafungui."

Kisha akamwambia Mavluda, "Dada, una haraka? Kaa hapa kwangu. Mwite mtoto anayefuata, umwambie kabla sijamgusa." Mavluda akakaa mpaka mtoto wa mwisho. Mwanafunzi wangu huyo! Kumbe alama mbili nilimpa mtu wa tano.

Njiani mzee, aliyekuwa ametungoja nje, aliuliza imekuwaje. Nilifungua mdomo nimsimulie, nikaghairi. "Muulize mwenye mtoto," nikamwambia.

Julai 3

Nyuzi thelathini na sita, anga safi, aprikoti zinakauka vizuri.

Habari zimetutangulia kijijini. Adhuhuri wamekuja wanawake saba, Oyjamol mbele yao, na binti yake Zulhumor mwenye mimba ya miezi minane. Waliketi kuzunguka kitambaa cha chakula, wakanigeukia mimi, kama wanavyonigeukia siku zote.

"Haya Mwalimu, tufundishe," Oyjamol akasema. "Mtoto anashikwaje?"

"Mimi nilifeli somo hilo," nikawaambia. "Anayelijua ni yule."

Wakamtazama Shirinmoh. Aliinama, masikio yakamwiva. Kisha akamweka Sumanbar mapajani, akamwomba Zulhumor alete mikono yake, akaishika aone kama ina moto. Akaanza kueleza, kwanza kwa kunong'ona, mara kwa sauti. Wakauliza, akajibu. Oyjamol alitaka kumbishia, Shirinmoh akamwambia, "Ngoja, Bibi, sijamaliza." Na Oyjamol akangoja!

Nina miaka sitini na saba. Nimejivunia wanafunzi, mikate, watoto sita, aprikoti zilizopita baridi kali. Sijawahi kujivuna hivi kwa jambo ambalo sikulifanya mimi.

Bakuli zikawa tupu. Kwetu mkaza mwana ndiye anayemimina chai. Mama mkwe hashiki birika mbele ya wageni, ni aibu kwa nyumba nzima. Shirinmoh akaona bakuli, akakatiza maneno yake, akanyoosha mkono kulifuata birika. Nilikuwa nimelishika tayari. Nikammiminia yeye wa kwanza.

"Mama!" akasema, ananyanyuka.

"Keti," nikamwambia. "Mwalimu akiwa darasani hamimini chai."